Kuipa Bahari Kisogo

Waulize watu wa Nairobi wanafuata nini Kilifi, jibu ni moja: bahari. Waulize wanaokwenda Malindi, ni hilo hilo. Hoteli zimejipanga zikiitazama, barabara kuu ya kutoka Mombasa inaandamana nayo, na hata historia ya Malindi shuleni huanza na chombo kilichotia nanga, maana Vasco da Gama alifika hapo mwaka 1498 na nguzo yake hadi leo hupigwa picha na kila mgeni. Bahari naipenda, nimekulia karibu nayo. Lakini ulipofika msimu ambao kichwa kilinijaa na usingizi ukawa wa mang'amung'amu, pwani iliyonipokea ilikuwa ile ya bara, nyuma ya msitu, ambayo msafiri wa barabara kuu haioni kabisa. Pwani hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, na hasa Vitengeni.

Vitengeni iko eneo bunge la Ganze, Kaunti ya Kilifi, magharibi ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kutoka Mombasa hadi mji wa Kilifi ni kama kilomita 60, unavuka daraja la Mnarani lililofunguliwa mwaka 1991, kisha mjini unatafuta gari la Ganze. Ukitoka Ganze unashika njia ya kaskazini. Kuna matatu, kuna Probox zinazobeba abiria na magunia kwa pamoja, na mwisho wa yote kuna bodaboda. Asubuhi magari hupatikana kwa urahisi. Jioni lazima uwe umejipanga. Si safari ya kuombea likizo. Mtu wa Malindi au Kilifi anaweza kwenda na kurudi siku moja, ingawa mimi humshauri alale.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni udongo. Kilifi mjini unakanyaga jiwe la matumbawe, lile lile lililojengewa misikiti ya Mnarani na Gede. Ukiingia ndani kidogo unakutana na mchanga mwekundu ambao wanajiolojia wanauita mchanga wa Magarini. Baada yake yanakuja mawe ya tope na chokaa ya enzi za Jura, na mbele zaidi mawe ya mchanga ya Mazeras na Mariakani, ambayo umri wake ni mkubwa kuliko hayo yote. Kila unavyoiacha bahari ndivyo unavyorudi nyuma katika umri wa dunia, na huhitaji kuchimba hata shimo. Ndani ya nyufa za mawe hayo ya bara mna madini ya risasi na baraiti, na ndiyo maana jina la Vitengeni limo katika ripoti za wanajiolojia. Mimi si mtu wa madini. Ninachojua ni kwamba mguu hutambua mabadiliko hayo kabla ya jicho: mchanga laini unaomeza kisigino, kisha ardhi ngumu yenye changarawe, kisha tena mchanga.

Na hapa ndipo penye siri ya Vitengeni. Mahali hapa hapakuburudishi kwa kukuonyesha jambo kubwa. Hakuna maporomoko ya maji, hakuna mlima wa kupanda na kupigia picha kileleni. Panakutuliza kwa kukulazimisha utembee kwa mwendo wa wenyeji, na mwendo wa wenyeji unaongozwa na salamu.

Asubuhi tulitoka na mwenyeji wangu, mzee aliyezaliwa huko na kurudi kulima baada ya miaka mingi ya kazi Mombasa. Jua lilikuwa halijapanda. Njia ilipita kati ya mashamba ya mahindi na mihogo, ikakunja kwenye ua wa minyaa, ikateremkia bonde kavu ambalo hugeuka mto mvua zinaponyesha. Kila tuliyekutana naye tulisimama. Wanawake wenye mitungi ya maji juu ya kata, kijana akiwaswaga mbuzi, mama mmoja mzee aliyevaa hando, sketi ya jadi, kama walivyovaa bibi zake. Sikuona mtu aliyepita akirusha neno huku anakwenda. Unaulizwa umeamkaje, nawe unauliza. Unaulizwa nyumbani wameamkaje. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, unaulizwa:

"Na huko mtokako, kumenyesha?"

Mara ya kwanza nilijibu mbiombio, kama ninavyojibu mjini. Mzee akangoja yule mama apite, akaniambia, "Mwanangu, mtu akikuuliza mvua, anakuuliza chakula. Mjibu vizuri." Tangu hapo nilisimama sawasawa. Nilieleza kwamba Mombasa kulinyesha manyunyu tu, yakakatika. Nao wakanieleza mahindi yao yamefikia wapi, silanga la maji limebaki na kiasi gani, ng'ombe wa nani amezaa. Mwendo ambao ningeumaliza kwa dakika chache ulikula sehemu kubwa ya asubuhi, na katikati yake nikagundua kwamba simu yangu ilikuwa mfukoni muda wote huo na sikuikumbuka.

Mzee alikuwa na tabia nyingine iliyonifundisha. Akiongea huku anatembea, kitu chochote kilichopita kilikuwa na haki ya kumkatiza. Jongoo mweusi, mrefu kama kiganja, alikuwa akivuka njia baada ya manyunyu ya usiku. Mzee akanyamaza katikati ya sentensi, akasimama, jongoo akavuka na miguu yake yote ikipanda na kushuka kwa zamu, akaingia majanini. Ndipo sentensi ikaendelea pale pale ilipoachwa.

Tukafika kwenye mbuyu. Mibuyu iko mingi pwani hii, lakini wa hapo ulikuwa na mambo yaliyoandikwa mwilini mwake. Upande mmoja magome yalikuwa yamechunwa zamani kwa ajili ya kamba, na jeraha limejifunika upya kwa gome laini lenye kung'aa. Upande mwingine vigingi vya mti vilikuwa vimepigiliwa kimoja juu ya kingine hadi kwenye matawi, ngazi ya mrina asali. Vigingi vya chini vilikuwa vimezama ndani ya mti na kubaki ncha tu, kwa kuwa mbuyu uliendelea kunenepa. Vya juu vilikuwa vipya. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwenye tundu. Mabuyu yaliyoanguka tuliyapasua kwenye jiwe, tukamung'unya unga wake mkali. Watoto wa Mombasa wanaonunua mabuyu mekundu ya sukari dukani, wakabaki na midomo iliyopakwa rangi, wanakula matunda ya miti kama huu.

Mwaka 2022 mibuyu kadhaa mikubwa iling'olewa katika mashamba ya Kilifi ili ikapandwe kwenye bustani huko Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Kelele zikapigwa, na mwezi wa Novemba Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe. Wenye mashamba walikuwa wameuza kwa hiari, kwa kuwa walihitaji pesa na nafasi ya kulima mahindi. Sina jiwe la kumtupia mkulima ambaye watoto wamefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Hata hivyo nilipoweka kiganja juu ya gome lile, nikavihisi vigingi vya warina asali wa vizazi mbalimbali, nilishikwa na uchungu kwamba kitu kama hicho kinaweza kupakiwa kwenye lori. Mti mkubwa wa kijiji una wenyewe wengi kuliko yule mwenye hati ya shamba.

Mashariki ya Vitengeni, kama mstari wa kijani kibichi unaokata upeo, umelala msitu wa Arabuko-Sokoke. Una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio msitu mkubwa zaidi wa asili wa pwani uliobaki katika Afrika Mashariki. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali ya kikoloni mwaka 1932. Wageni wengi huuingia kutokea Gede, upande wa barabara ya Malindi, ambako kuna ofisi, waongozaji na njia za kutembelea. Huko wanakutana na miti ya mrihi iliyotawanyika juu ya mchanga mweupe, mwanga ukipenya kila mahali. Upande unaoelekea Vitengeni ni mwingine kabisa. Udongo ni mwekundu, miti ni mifupi na imesongamana, matawi yamefumana hata mtu mzima anainama. Kichaka hicho kizito, ambacho hakimvutii mpiga picha, ndicho makao ya mmoja wa bundi wadogo kabisa wa pwani, yule wa Sokoke. Urefu wake haufiki hata sentimita 20, yaani unaweza kumfunika kwa viganja viwili. Alielezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1966, na mbali na hapa hujulikana tu kutoka milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mchana hukaa kwenye tawi la chini, macho nusu yamefumba, rangi yake sawa na majani makavu. Kwetu pwani bundi ana sifa mbaya, watu husema ametumwa. Natamani kila anayeamini hivyo angemwona huyu mara moja tu.

Humo humo anaishi sengi, mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu inayochezacheza, na nyuma ana doa la manjano ya dhahabu. Dunia nzima hana pengine isipokuwa pwani hii ya kaskazini ya Kenya, na wengi wao wamo Arabuko-Sokoke. Akishtuka hupiga mkia kwenye majani makavu, pa, pa, pa, kisha anatimka. Ukitembea kwa kelele hutamsikia. Ukitembea kwa mwendo wa mzee wangu, utamsikia hata kabla ya kumwona.

Msituni usiingie kienyeji. Mna ndovu, na ukingoni umewekwa uzio wa umeme ili wasitoke kula mashamba. Mwongozaji wa kutoka Gede ni lazima na ni bora. Vijana wale hutambua ndege kwa mlio, na msitu una ndege wa aina zaidi ya 200. Gede hapo hapo utaona pia mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambamo wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi na kuuza pupa wa vipepeo kwenda bustani za maonyesho Ulaya na Marekani. Mkulima anayepata karo kutokana na majani ya msitu ana sababu ya kutoukata. Upande wa Vitengeni sababu kama hiyo bado ni chache, na moshi wa tanuri za makaa huonekana mapema asubuhi ukiwa umetanda chini. Mzee aliuonyesha kwa kidevu, hakusema kitu. Mimi nitasema: wanaochoma ni watu walioshindwa na ukame, lakini makaa yenyewe hununuliwa na sisi wa mijini, kwa gunia, bila kuuliza yametoka wapi.

Mtu akitembea katika nchi hii hawezi kuacha kumkumbuka Mekatilili wa Menza. Alizaliwa katika eneo hili la Ganze, na mwaka 1913 alizunguka mji kwa mji akiwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu na kuwaapisha wasitoe kodi wala vijana wao kwa Waingereza. Alikamatwa mwaka huo akapelekwa Kisii, mwisho mwingine wa nchi. Mapema mwaka 1914 akatoroka pamoja na mfungwa mwenzake, Wanje wa Mwadorikola, wakarudi pwani kwa miguu, mamia ya kilomita, mwanamke wa makamo katikati ya nyika za watu asiowajua. Agosti mwaka huo wakoloni wakailipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti. Sanamu ya Mekatilili leo iko Malindi mjini, na ni vizuri iwepo. Lakini kwangu mimi Mekatilili yuko zaidi katika njia hizi za udongo mwekundu, kwa sababu vita vyake vyote alivipiga akitembea na kuzungumza na watu.

Kaya zenyewe, misitu mitakatifu ya Wagiriama na Wamijikenda wenzao, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2008, na mojawapo, Kaya Kauma, iko upande huu huu wa Ganze, kule Jaribuni. Kaya haitembelewi kama bustani. Unatafuta wazee, unaeleza haja yako, wanakupangia siku na mtu wa kukutangulia, na ndani hukati hata kijiti cha kupigia meno. Nimeingia kaya, na sitaeleza niliyoyaona. Nitasema tu kwamba kizuizi hicho chenyewe, cha kuwa mahali ambapo huruhusiwi kuchukua chochote, kinaipumzisha akili ya mtu ambaye siku zake zote anachukua na kuchukuliwa.

Wapo watakaotaka ushahidi wa kitaalamu, nao upo. Wajapani tangu mwaka 1982 wamekuwa na sera ya kuwahimiza watu wakaoge hewa ya msitu kwa ajili ya afya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2015 waliwatembeza watu dakika 90, baadhi penye nyasi na miti, wengine kando ya barabara ya magari. Waliotembea penye miti walipunguza ile hali ya kutafuna wazo baya lile lile tena na tena. Na mwaka 2019 utafiti uliohusisha watu karibu 20,000 huko Uingereza ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki mahali pa asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha, iwe wamezitumia kwa mkupuo au kwa kuzigawa. Hilo la mwisho ndilo linaloipendelea Vitengeni. Huhitaji mwezi wa likizo. Jumamosi moja yatosha kuanzia.

Ila kuna jambo ambalo tafiti hizo hazikuulizwa. Ganze imetajwa mara nyingi miongoni mwa maeneo bunge maskini kabisa nchini. Mvua ikikosa misimu miwili, watu wanakula mara moja kwa siku na watoto wanaacha shule kutafuta maji. Ni nani aliyenipa haki ya kwenda kutafuta utulivu mahali ambapo mwenyeji hana hakika ya chakula cha jioni? Nimelifikiria hilo sana, na sikubali jibu la kusema basi tusiende. Nadhani mgeni anaweza kwenda akiwa mgeni, kwa maana tunayoijua sisi: anabisha hodi, analeta kitu mkononi, anakula anachopewa, hapigi picha ya mtu wala ya kaburi bila ruhusa. Akiona vigango, zile nguzo za mti zilizochongwa kwa ajili ya wazee waliofariki, asiviguse. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani, na ni vichache tu vilivyorudi. Mlipe anayekuongoza, na umlipe vizuri. Nunua maembe, korosho, asali, kamba, mkeka wa mkoma, na ununue pale pale kwa mwenye kuvitengeneza.

Nilipewa sima na mtsunga, zile mboga chungu za mwituni zilizopikwa kwa tui, na tonge la kwanza lilinikunja uso. La tatu nilikuwa nimeshazoea. Mama mwenye nyumba alicheka akaniongeza. Jioni tulikaa juu ya mkeka nje, wazee wakaletewa mnazi, mimi nikaletewa chai ya tangawizi. Hakukuwa na kimya kama watu wa mjini wanavyodhani: mbuzi, watoto, redio ya jirani, mbwa, kisha dudumizi akilia kichakani na mtu akisema kesho pengine itanyesha. Giza la huko ni giza kweli. Mzee alinionyesha kilimia, kundi lile la nyota ambalo wakulima wa pwani hulitazama kupangia misimu, akanieleza baba yake alikuwa akisema nini kulihusu. Nililala kabla ya saa tatu, nikaamshwa na jogoo.

Anayetaka kwenda achague wakati. Baada ya masika, kuanzia Juni, kusi inavuma, nchi ni ya kijani na jua halichomi sana. Novemba na Desemba ni msimu wa maembe na mabibo, ila joto ni kali na mvua za vuli zinaweza kukwamisha gari. Januari hadi Machi ni ukame. Nenda tu kama unataka kuelewa. Vaa suruali ndefu kwa sababu ya miiba na upupu, ambao ukikugusa utajikuna hadi usahau ulikuja kutafuta utulivu. Kagua miguu jioni, kuna kupe. Toka alfajiri, urudi kivulini saa nne. Chukua maji ya kutosha, na chupa yake urudi nayo mjini.

Kinachokosekana Vitengeni ni vijana waliofunzwa kuongoza kama wale wa Gede. Vijana wenyewe wapo, wanakaa stejini na bodaboda zao wakisubiri abiria, na wanajua kila bonde na kila mbuyu wenye nyuki. Kaunti ikiwafunza na kuwapa vitambulisho, msitu utapata walinzi upande wake wa magharibi, nao watapata kazi ambayo haihitaji shoka. Mmoja wao ameshanieleza njia ya kutoka Vitengeni hadi Jilore, kuzunguka ukingo wa kaskazini wa msitu hadi unapoanza kunusa maji ya mto Sabaki. Anasema ni mwendo wa siku nzima, tena kwa mtu asiyesimama. Nimemwambia sisi tutasimama, kwa hiyo tuhesabu siku mbili, na atafute kwa nani tutalala.